Sukari ya mama inashuka usiku: kuhusu kidonge cha glibenklamidi

SWALI

Daktari, shikamoo. Naishi Tanga, namuuguza mama yangu mwenye umri wa miaka 68. Ana kisukari cha muda mrefu, na presha. Kwa sukari anatumia metfomini ya miligramu 500 asubuhi na jioni, na glibenklamidi ya miligramu 5 asubuhi na jioni. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo diklofenaki haikosekani ndani. Mwezi uliopita alipata UTI, akaandikiwa Septrin. Siku ya tatu ya dawa, saa saba usiku, tulimkuta amelowa jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka, hata mimi hanitambui. Majirani wakasema ni shetani, wakaanza kusoma. Mdogo wangu akaenda kuazima mashine ya sukari kwa shemeji, tukapima, ikasoma 2.4. Tukampa soda, akarudi katika hali yake, akalala. Saa kumi na moja alfajiri ikawa vilevile, ndipo tukamkimbiza hospitali. Alitundikiwa dripu, mchana wake akaruhusiwa.

Wiki iliyopita imetokea tena, na safari hii hakuna Septrin. Jioni hiyo hakuwa na hamu ya kula, lakini dawa alimeza. Sasa nampa nusu kidonge kwa kukisia. Nauliza: niache dawa zote? Ni kweli metfomini ndiyo inayoharibu figo, kama watu wanavyosema? Ramadhani atafunga? Na vidonge vikibaki, naweza kumpa baba mdogo, naye ana sukari?

JIBU

Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuuguza. Mdogo wako mpe hongera zake, maana ile namba 2.4 ndiyo inayoniwezesha kukujibu bila kubahatisha.

Nianze na la leo. Usimpe mama kidonge kingine cha glibenklamidi, kizima wala nusu, mpaka aonwe na daktari. Na aonwe kesho, msingoje tarehe ya kliniki. Metfomini aendelee nayo pamoja na chakula, maadamu anakula, hatapiki, haharishi, na hajawahi kuambiwa kwamba figo zake zina shida. Najua unachoogopa: sukari itapanda. Inaweza kupanda kidogo, ndiyo. Lakini sukari ya 12 au 13 kwa siku moja mbili ni jambo la kurekebishwa kliniki, ilhali sukari ya 2.4 kwa mama wa miaka 68, usiku, watu wote wamelala, inaweza kumuua au kumwachia ubongo uliodhurika. Mashine ikisoma juu ya 15 mara mbili mfululizo, au akianza kukojoa sana na kiu kali, au akitapika, mpelekeni siku hiyohiyo.

Sasa kwa nini nakutaja kidonge kimoja na kukiacha kingine. Mama anameza dawa mbili ambazo nyumbani mnaziita kwa jina moja, dawa ya sukari, na kazi zake hazifanani hata kidogo. Metfomini inafanya kazi zaidi kwenye ini. Ini lina tabia ya kumwaga sukari kwenye damu, hasa usiku, na kwa mgonjwa wa kisukari linamwaga kupita kiasi. Metfomini inalizuia, na inausaidia mwili kuitikia vizuri insulini yake wenyewe, yaani kichocheo kinachoshusha sukari kwenye damu. Kongosho, kiungo cha tumboni kinachotoa insulini hiyo, haiigusi. Ndiyo maana mtu anayetumia metfomini peke yake ni nadra sana kushuka sukari, hata akichelewa kula.

Glibenklamidi inakwenda moja kwa moja kwenye kongosho na kuilazimisha itoe insulini. Inailazimisha sukari ikiwa juu, ikiwa sawa, na hata ikiwa imekwishashuka. Ni kama mtu anayechota maji kisimani bila kuchungulia ndani yamebaki kiasi gani. Mama akila, sukari mpya inaingia kwenye damu na hesabu inakwenda sawa. Asipokula, kidonge hakina habari. Kinaendelea na kazi yake. Usiku wa wiki iliyopita hauhitaji maelezo mengine. Alimeza, hakula.

Kwenye boksi utaikuta imeandikwa Glibenclamide, na wazee wengi wanaifahamu kwa jina la Daonil. Ni dawa ya bei nafuu, imewasaidia watu wengi mno, na mimi siidharau. Lakini ina mambo mawili yanayoifanya iwe ngumu kwa mtu wa umri wa mama yako.

La kwanza, inakaa. Kidonge kimoja kinaweza kufanya kazi hadi saa 24. Kile cha jioni kinapoingia, cha asubuhi hakijamaliza, na vyote viwili vinakutana usiku, saa ambazo hakuna anayekula. La pili, na hili watu hawaambiwi, ni figo. Ini huivunja dawa hii, lakini mabaki yake nayo bado yana nguvu ya kushusha sukari, na karibu nusu ya mabaki hayo yanatakiwa kutoka kwa mkojo. Figo za mtu wa miaka 68 hazichuji kama za kijana hata akiwa hana ugonjwa wowote. Ukiongeza miaka mingi ya kisukari, ukaongeza presha, ukaongeza diklofenaki ya magoti ambayo yenyewe inazibana figo, mabaki yanarundikana. Dozi ambayo miaka mitano iliyopita ilimfaa kabisa, leo inakuwa nyingi bila mtu yeyote kuiongeza. Wala msilaumiane nani alikosea kuhesabu vidonge. Inawezekana kabisa hakuna aliyekosea, mwili ndio umebadilika.

Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu ya mwaka 2013, liliweka gliklazidi, dawa nyingine ya sukari, mahali pa glibenklamidi, na likaandika wazi kwamba glibenklamidi haiwafai watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Bado inaandikwa na bado inauzwa, na wazee wengi wanaendelea nayo kwa sababu tu walianzishiwa zamani na hakuna aliyerudi kuangalia umri umefika wapi. Mama yako ni mmoja wao. Nitarudi kwenye gliklazidi.

Tuje kwenye Septrin, maana usiku wa kwanza ulianzia hapo. Septrin ni mchanganyiko wa dawa mbili, na mojawapo ni ya jamii ya salfa. Glibenklamidi nayo imetoka katika ukoo huo. Mwaka 1942 huko Montpellier, Ufaransa, daktari Marcel Janbon alikuwa akiwatibu wagonjwa wa homa ya matumbo kwa dawa mpya ya salfa, akaona baadhi yao wanapata dalili za ajabu, wengine wanashikwa na degedege, na wapo waliofariki. Sukari yao ilikuwa imeshuka. Mwenzake Auguste Loubatières akalifuatilia jambo hilo kwa majaribio ya wanyama, akaonyesha kwamba dawa ile ilikuwa inaisukuma kongosho itoe insulini. Kutokana na madhara yale ya dawa ya kuua vijidudu ndipo zikatengenezwa dawa za kumeza za kisukari za kundi hili, na glibenklamidi ikaja katika miaka ya 1960. Kwa hiyo Septrin ikimezwa juu ya glibenklamidi, mara nyingine inashusha sukari yenyewe, hasa kwa mzee mwenye figo dhaifu, na zaidi ya hapo inalichelewesha ini kuivunja glibenklamidi. Siku ya tatu ya dozi ni wakati unaolingana kabisa na hali hiyo.

Sisemi aliyeandika Septrin alifanya ubaya. UTI ilihitaji tiba. Ila kila mara mama anapoandikiwa dawa mpya, tajeni glibenklamidi kabla kalamu haijaondoka kwenye karatasi, na kwenye duka la dawa mtaje tena. Nyingine za kuangaliwa ni siprofloksasini, ambayo nayo hutolewa sana kwa UTI, flukonazoli ya fangasi, na kwinini ya malaria. Pombe pia, hasa kwa tumbo tupu, ikiwamo mnazi. Simsemi mama yako, nasema kwa wengine wanaosoma. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume chake, inapunguza nguvu ya glibenklamidi na sukari inapanda.

Kuhusu shetani. Nimekulia kwenye mazingira hayohayo na siwacheki majirani zako, kwa sababu sukari ikishuka mtu anageuka kweli. Ubongo unaishi kwa sukari. Mwanzoni mwili unapiga kelele: jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio. Ikizidi kushuka ubongo wenyewe unaishiwa, na hapo mtu anakuwa mkali bila sababu, anaona vitu viwiliviwili, anaongea kama mlevi, hatambui watoto wake, anashikwa na degedege au anazimia. Wapo wanaolegea upande mmoja wa mwili, watu wakadhani ni kiharusi. Kwa wazee zile kelele za mwanzo mara nyingi hazisikiki. Anaingia moja kwa moja kwenye kuchanganyikiwa. Akiwa amelala, utakachokiona ni shuka kulowa, kuweweseka, ndoto mbaya, na asubuhi kichwa kinamuuma. Hujanitajia jina la dawa yake ya presha. Kama ni atenololi au propranololi, jua kwamba zinaficha mapigo ya moyo na kutetemeka, na linalobaki wazi ni jasho. Anayetaka kusoma dua asome, dua kwa mgonjwa ni jambo jema, lakini kidole kitobolewe kwanza.

Na kama mashine haipo, usisubiri ipatikane. Mtu anayetumia glibenklamidi akichanganyikiwa ghafla au akilowa jasho, mchukulie kwamba sukari imeshuka, umpe sukari. Kama kumbe ilikuwa juu, vijiko vitatu vya ziada havitambadilishia mengi. Kama ilikuwa chini na hukumpa, unaweza kumpoteza.

Namna ya kumpa ni hivi. Akiwa macho na anaweza kumeza, chukua vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari, koroga kwenye nusu glasi ya maji, anywe. Au nusu chupa ya soda ya kawaida. Ile ya kopo lililoandikwa zero haina sukari, haitamsaidia. Kijiko kikubwa kimoja cha asali nacho kinatosha. Usianze na maziwa, uji au chapati, vinachelewa kufika kwenye damu. Subiri dakika 15, pima. Kama bado iko chini ya 4, rudia. Ikishapita 4 ndipo ale chakula cha kukaa: mkate, ndizi, uji, hata wali wa jioni. Akiwa amezimia au hawezi kumeza, usimmiminie chochote mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, tafuteni gari, nendeni hospitali, na mtaje jina la kidonge mara tu mnapofika mapokezi.

Sasa hapa ndipo nataka uelewe vizuri kwa nini alirudiwa alfajiri. Soda mliyompa saa saba ilikuwa sahihi, ndiyo iliyomwamsha. Lakini sukari ya soda inakwisha ndani ya saa moja au mbili, na kidonge bado kina saa nyingi mbele yake. Alipolala bila kula, mkarudi mlikotoka. Kushuka kwa sukari kunakosababishwa na glibenklamidi hakumalizwi na soda nyumbani. Hata akizinduka na kuanza kucheka, apelekwe hospitali usiku uleule. Njiani na wakati wa kusubiri aendelee kula kidogokidogo na kupimwa. Na hospitalini, mtu wa umri wake akishushwa na dawa hii anatakiwa akae chini ya uangalizi kwa saa 24 angalau, mara nyingine siku mbili au tatu kama figo hazifanyi kazi vizuri, akiwa na dripu ya glukosi na akipimwa mara kwa mara. Kuruhusiwa mchana uleule kulikuwa mapema mno. Ikitokea tena, Mungu apishe mbali, wewe ndiye utakayesema kwa heshima: daktari, amemeza glibenklamidi, usiku ule ilirudi baada ya saa nne, naomba abaki.

Nusu kidonge kwa kukisia nakuomba uache. Nakuelewa, ulitaka kupunguza hatari. Lakini kama figo haziitoi dawa, nusu ya leo inapanda juu ya nusu ya jana, na utajiona umefanya la salama hali hatari ipo palepale.

Metfomini na figo. Hili nalisikia kila wiki, na watu wameacha dawa nzuri kwa ajili yake. Metfomini haiharibu figo. Kinachoharibu figo za wagonjwa wa kisukari ni sukari kukaa juu miaka na miaka, na presha isiyodhibitiwa, na dawa za maumivu za kila siku. Uvumi una mzizi wake, lakini umegeuzwa: metfomini hutoka mwilini kupitia figo, kwa hiyo figo zikishachoka dawa inarundikana, na ikirundikana sana inaweza kusababisha asidi kujaa kwenye damu, jambo ambalo ni nadra lakini linaua. Ndiyo maana daktari akiona figo zimeshuka anaiondoa, na mgonjwa anaondoka akiamini kwamba dawa ndiyo iliyozishusha. Kipimo cha kreatinini kinatupa makadirio ya uchujaji wa figo. Yakiwa chini ya 45 tunapunguza dozi, kwa kawaida isizidi miligramu 1000 kwa siku. Yakiwa chini ya 30 tunaiacha kabisa. Dozi ya mama ni miligramu 1000 kwa siku nzima, si kubwa, lakini bila kipimo hicho hakuna anayeweza kukuhakikishia, hata mimi. Apimwe angalau mara moja kwa mwaka, na kwa umri wake mara mbili ni bora.

Siku akitapika, akiharisha au akishindwa kunywa maji, metfomini isimame mpaka aanze kula na kunywa tena, na apimwe sukari kwa sababu ugonjwa wenyewe unaweza kuipandisha. Tumbo kujaa gesi na kuharisha kidogo ni kawaida mwanzoni. Kumeza katikati ya chakula kunasaidia, na ipo metfomini ya kutoka polepole ambayo wengi wanaivumilia vizuri zaidi, ila hiyo haivunjwi wala haisagwi. Baada ya miaka mingi metfomini inaweza kupunguza vitamini B12. Kama mama ana ganzi miguuni, usikubali jibu la haraka kwamba ni kisukari tu. Uliza kuhusu B12, maana hiyo inatibika.

Kuhusu saa za kumeza, na hili linawafaa wote wanaotumia dawa za kundi la glibenklamidi, hata vijana. Sahani kwanza iwe mbele ya mgonjwa, kisha kidonge. Asipokula mlo huo, kidonge cha kundi hili hakimezwi. Akisahau cha asubuhi akakumbuka wakati wa kulala, kimekwisha, hakifidiwi, wala kesho yake hamezi viwili. Naona familia nyingi zina nidhamu kubwa ya saa, dawa saa moja kamili jioni hata kama chakula kitaiva saa tatu, na nidhamu hiyo nzuri ndiyo inayomwangusha mgonjwa.

Ramadhani. Mwaka huu mama asifunge. Kwa umri wake, na sukari kushuka vibaya mara mbili ndani ya muda mfupi, yuko katika kundi la hatari kubwa kabisa. Qurani yenyewe, Sura ya Al-Baqara aya ya 184, imempa mgonjwa ruhusa, na habari ya fidia mtaelekezwa na sheikh wenu. Najua kwa mama wa Tanga kukaa bila kufunga ni jambo zito kuliko ugonjwa wenyewe, na pengine atafunga kimyakimya. Mkalishe mapema, na ikiwezekana sheikh anayemheshimu aongee naye. Mwaka mwingine, akiwa ameshabadilishiwa dawa na figo zinajulikana, mwende kwa daktari mwezi mmoja na nusu au miwili kabla ili dozi zipangwe upya: metfomini huhamia kwenye futari na daku, na zile za kundi la kongosho uzito wake hupelekwa kwenye futari. Yeyote anayefunga na kisukari apime mchana, na masheikh wengi wamesema kutoboa kidole hakufunguzi. Ikisoma chini ya 3.9 au juu ya 16.6, anafungua hapohapo, hata kama adhana imebaki robo saa.

Hukutaja dawa za asili, lakini naijua Pwani, nitaligusa. Uwatu, mlonge na karela kama mboga au kiungo havina neno. Vikichemshwa vizito na kunywewa kikombe kizima kila siku vinaweza kushusha sukari, na vikikutana na glibenklamidi vinaongezeana. Ninachokiogopa zaidi ni vidonge na unga visivyo na lebo vinavyouzwa kama tiba ya asili. Singapore, katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2008, watu wapatao 150 ambao hawakuwa na kisukari walilazwa kwa sukari kushuka ghafla, na wanne wakafariki. Wengi walikuwa wametumia dawa haramu za nguvu za kiume, na uchunguzi ukakuta ndani yake mna glibenklamidi. Unga wa namna hiyo ukimshusha mama sukari haraka, hiyo si sifa ya kuusifia. Ni sababu ya kuuliza umewekwa nini.

Kesho hospitalini, bebeni dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na diklofenaki na chochote cha asili. Simulia usiku wote miwili kama ulivyonisimulia, na namba 2.4 uitaje. Omba kreatinini, omba mkojo uangaliwe protini, omba HbA1c, ambacho ni kipimo kinachoonyesha sukari ilivyokwenda kwa miezi miwili mitatu iliyopita. Kisha uliza maswali haya: je, bado anahitaji dawa ya kuisukuma kongosho, au metfomini peke yake sasa inatosha? Kama anaihitaji, anaweza kuhamishiwa gliklazidi? Ni ya kundi lilelile na nayo inaweza kushusha sukari, lakini mabaki yake hayana nguvu hiyo, kwa hiyo kwa mzee ni salama zaidi, hasa ikianzwa kwa dozi ndogo asubuhi. Daktari anaweza kuamua dawa nyingine, hata insulini ya dozi ndogo; hilo msiligombee kabla ya vipimo. Uliza pia lengo la mama ni lipi. Wengi wanaifukuza HbA1c ya asilimia 6.5 au 7 kwa wazee kama wanavyoifukuza kwa watu wa miaka 40. Kwa mama aliyeshuka hivi mara mbili, mimi ningetosheka kabisa na HbA1c iliyo chini kidogo ya 8. Na magoti yatafutiwe dawa nyingine badala ya diklofenaki. Parasetamoli ni pa kuanzia.

Mashine ya sukari nunueni yenu, msiazime tena saa saba usiku. Stripu ni ghali, najua, hivyo mkipima mara moja tu kwa siku, kwa wiki hizi mbili iwe kabla ya kulala. Ikiwa chini ya 6 wakati huo, ale kitu kidogo kabla ya kupanda kitandani.

Baba mdogo usimpe vidonge vilivyobaki. Hujui figo zake, hujui anatumia nini, na kidonge kilichomwangusha mama kinaweza kumwangusha na yeye. Wala usiviache kwenye kabati au chini ya mto. Virudishe hospitalini au kwenye duka la dawa waviteketeze. Kama nyumbani kuna wajukuu, fanya hivyo kesho hiyohiyo: kidonge kimoja tu cha glibenklamidi kinaweza kumuua mtoto mdogo. Mtoto akikimeza, au mkihisi tu amekimeza, apelekwe hospitali hata kama anacheza vizuri, kwa sababu sukari yake inaweza kushuka saa nyingi baadaye. Njiani muendelee kumpa kitu chenye sukari maadamu yuko macho, na msikubali arudi nyumbani bila kukaa chini ya uangalizi usiku mzima.